Mkono wa Sajini Tusekile

Mzani ulitoa hamsini na nane, nami nikatoa tusi ambalo marehemu mama yangu angelisikia angenipaka pilipili mdomoni.

"Rudia," alisema Rwechungura, mwongozaji wetu.

"Sirudii. Huo mzani wenu umeharibika."

"Mzani mzima, Siwema. Leo mbovu ni wewe."

Mniwie radhi, nijitambulishe kwanza. Mimi ni Siwema Mbaruku, mtu wa Pangani, na huu ni mwaka wa sita naigiza askari katika Doria ya Songwe, ile tamthilia ya Jumapili saa kumi jioni. Kama hujawahi kuiona basi sijui unaishi pori gani. Kila kipindi ni kesi ya kweli ya magendo, iliyokwisha hukumiwa. Askari aliyehusika huenda maabara, hutia saini dakika anazozitoa katika kumbukumbu yake, na dakika hizo huchapwa kwenye utando mdogo usiozidi ukucha. Utando ule hubandikwa nyuma ya sikio langu. Nikiambiwa "haya, twende," moyo wangu unapiga vile ulivyompiga yeye, na jasho lake linanitoka mimi. Kazi yangu ni kuuachia mwili ufuate. Mzani unalinganisha alivyokuwa yeye na nilivyo mimi, halafu unatoa namba. Tisini kwenda juu, kipindi kinaruka hewani na namba inakaa pembeni ya skrini, kila mtu aione. Chini ya tisini hakuna kipindi. Watazamaji wetu hawataki kudanganywa, uongo wanao wa kutosha majumbani mwao.

Miaka sita sijawahi kushuka chini ya tisini na moja. Leo hamsini na nane! Tena kwa kisa cha Sajini Tusekile Mwaipaja, mwanamke ambaye nilikuwa namhusudu kabla sijamwona hata kwa picha.

Kisa chake kila mtu wa Nyanda za Juu anakijua. Mnyauko ulikuwa umeua nusu ya mikakao ya Kyela, na ugonjwa wenyewe ulikuwa unaingia kwa vikonyo, vile vipande vya matawi vya kupandikiza, vinavyovushwa kutoka ng'ambo ya mto. Serikali ikapiga marufuku: hata jani lisivuke. Pale Kasumulu pakawekwa lango lenye pua, linalonusa kila abiria anayepita. Wafanya magendo nao si wajinga. Wakachovya vikonyo katika nta ya nyuki, lango likawa halinusi kitu. Kisha wakawavisha wazee makoti marefu wavivushe, maana nani atampekua mzee? Wazee wenyewe wengi walikuwa wakulima waliofiwa na mashamba, wanaamini wanaleta miti mizima, kumbe wanaubeba mnyauko ule ule kifuani. Ndipo siku moja, mchana kweupe, kwenye zamu ya Tusekile, akakamatwa mzee mmoja na vikonyo arobaini. Kutokana na huyo mzee mmoja genge lote likafumuliwa, na mikakao iliyobaki ikapona.

Basi ndiyo hapo niliposhindwa. Mzee anakuja, mimi nimesimama langoni, nikamkazia macho. Si ndivyo askari wa televisheni afanyavyo? Utando ulikuwa unanivuta shingo chini na pembeni, nikadhani ni woga, nikaushindilia mbali. Askari gani anaangalia chini?

Nilikwenda kukaa kwenye kona ya mavazi nimevimba mashavu. Tumpe, mshona sare wetu, mtu wa Kyela kindakindaki, alikuwa anashikiza kifungo. Akakata uzi kwa meno.

"Dada Siwema, nikwambie kitu usikasirike?"

"Nimeshakasirika. Sema tu."

"Yule mzee ni baba mkwe wake."

"Baba mkwe wa nani?"

"Wa Sajini. Mzee Andembwisye ndiye baba yake mume wake. Na kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe, hamtaji jina, hasemi naye. Wakikutana njiani, mkamwana anaingia majanini mpaka mzee apite."

"Mpaka leo? Watu wanalima kwa roboti, wewe unanieleza habari za kuingia majanini?"

"Wengine wameacha. Nyumba ile haijaacha. Wewe umemkazia baba mkwe macho, halafu unategemea mzani ukupe tisini?" Akacheka mpaka sindano ikamchoma. "Watu wa pwani mna maajabu!"

Lahaula! Nilijiona punguani. Miaka sita najigamba kwamba naujua mwili wa askari, kumbe sikuuliza huyu askari ni mke wa nani.

"Na ilikuwaje akapita kwenye zamu yake?"

"Haikuwa zamu yake. Alibadilishana na mwenzake asubuhi ile, mzee hakujua." Tumpe alishusha sauti. "Mbaya zaidi ni yaliyofuata. Aliyejua habari za vikonyo ni mdogo wake mzee tu, Lwitiko, jirani yake wa ua kwa ua. Kyela nzima inajua Lwitiko ndiye aliyemchoma kaka yake kwa askari. Mwaka wa pili huu hawasemezani, hata moto hawaombani. Mzee alikaa ndani miezi kumi na minane, ametoka, na hasira yake iko pale pale."

Nilirudi langoni. Rwechungura akanyoosha kidole, tukaanza.

Safari hii nilikubali. Shingo iliponivuta niliifuata, uso nikaupeleka pembeni, kofia nikaishusha usoni. Haukuwa woga hata kidogo. Ilikuwa heshima nzito, ya mtu aliyekula chakula cha nyumba ile na kuzaa ndani yake. Na kwa kuwa macho yalikuwa chini niliona miguu ya mzee, katambuga zake, na kwenye mkanda wa katambuga ya kushoto vipunje vitatu vya nta. Nta ilikuwa inadondoka kutoka ndani ya koti! Koplo aliyekuwa nyuma yangu alikuwa anamtazama mzee usoni, anamwamkia shikamoo, haoni kitu. Ni mimi tu niliyeona, maana ni mimi tu niliyekatazwa kutazama juu.

Kisha mkono wangu wa kulia ukaanza kwenda. Ulikuwa unarudi nyuma ya mgongo, vidole vinafumba na kufumbua mara mbili, kule aliko Koplo. Ni ishara yao ya kazi: huyu, msimamishe.

Nikaukamata. Wallahi niliukamata mkono wangu kwa nguvu zangu zote, nikaubana ubavuni.

"Themanini na nne!" Rwechungura alipiga makofi. "Tumefika, tumefika! Kuna kidogo tu kimebaki. Ni nini, Siwema?"

"Sijui."

Nilikuwa najua. Hakuwa Lwitiko. Aliyemkamatisha Mzee Andembwisye ni mkamwana wake, na duniani tulikuwa watatu tu tunaojua, Koplo, yeye na mimi. Nikiuachia mkono ule, Jumapili saa kumi wote waliomo katika nyumba ile wataujua ukweli, pamoja na nchi nzima. Nikiubana, kipindi kinatupwa kapuni. Nilibandua utando, nikamwambia Rwechungura kwamba kichwa kinaniuma na nataka siku mbili.

"Alhamisi," akasema. "Ikipita Alhamisi, nawaambia wakubwa tumeshindwa."

*

Kesho yake nilikuwa Kasumulu. Nilijiambia naenda kumwonya mwenzangu. Nilidhani maskini amesahau, ametoa dakika zake bila kufikiri kwamba na mkono umo ndani.

Nilimkuta kazini, nikasimama pembeni nimtazame. Jamani, nimeigiza askari wengi, lakini yule ni mwingine. Mama mmoja alikuwa ameficha miche mitatu ndani ya kapu la dagaa, lango limelia, mama analia kuliko lango. Tusekile hakupaza sauti. Alichuchumaa wakawa sawa, akamweleza habari za mnyauko polepole, kwa Kinyakyusa kisha kwa Kiswahili, akamwonyesha mdudu kwenye kioo cha kukuzia. Mama akaitoa miche kwa mikono yake mwenyewe, na mche wa nne ambao lango halikuuona akauchomoa kwenye mkunjo wa kitenge. Tusekile alimwandikia karatasi ya onyo, akamfunga kapu lake vizuri dagaa wasimwagike. Nilijisikia fahari, utadhani nimemzaa mimi.

Zamu ilipokwisha tukakaa nyuma ya kituo, yeye na sahani ya wali na maharage.

"Shikamoo, dada," alinisalimu. "Nakuona kila Jumapili. Unatembea kiaskari kunishinda mimi."

"Marahaba. Acha kunipaka mafuta, nimekuja na jambo zito." Nikamweleza yote: shingo, nta, mkono. "Mkono umo ndani ya utando, Sajini. Ulisahau. Lakini unaweza kufuta saini yako kabla ya Alhamisi, sheria inakuruhusu."

Aliendelea kula kidogo, kisha akaweka kijiko chini.

"Nilitia saini dakika kumi na nne, dada. Nilizichagua moja moja. Unadhani sikujua mkono umo?"

Nilisogea karibu yake.

"Baba siwezi kusema naye," alisema. "Tangu niolewe hajawahi kusikia neno langu, wala mimi sijamwona uso. Mume wangu nilimwambia usiku ule ule. Akaniomba ninyamaze, nikanyamaza. Mama mkwe nikimwambia, ataficha ili anilinde, namjua. Nikasema basi, yatapita. Mwezi wa tatu tangu baba atoke gerezani, mke wa baba mdogo Lwitiko akafariki." Akaisogeza sahani kando. "Baba hakwenda kuzika, dada. Nyumba na nyumba, ua kwa ua. Tulisikia kilio chote kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na baba akafunga mlango akakaa ndani. Ndugu wa tumbo moja! Baba mdogo alikuwa anatazama upande wetu mpaka jeneza linatoka. Na mimi nimekaa jikoni, najua kwamba yule mtu hana kosa."

Kwetu Pangani, usipozika umejizika.

"Siku ile langoni," nilimuuliza, "kwa nini hukuishia kugeuza uso tu, ukamwachia Koplo? Kama angeona angeona, kama asingeona ndiyo bahati ya mzee."

"Nta niliiona mimi."

"Najua, lakini..."

"Vikonyo arobaini, dada. Bonde lote lile." Alionyesha kwa kidevu upande wa Kyela. "Kugeuza uso ni haki ya baba, nilimpa. Vikonyo havikuwa vyake peke yake."

"Na wakikurudisha kwenu? Wakisema mkamwana gani huyu?"

"Watanirudisha." Alichukua kijiko, akakirudisha chini. "Siyo kwamba siogopi. Ile nyumba naipenda. Mama mkwe alinifundisha hata kupika huu wali. Watoto wangu wanalala na babu yao. Nikifukuzwa nitalia mpaka nichakae, lakini baba mdogo Lwitiko atapigiwa hodi mlangoni kwake."

Nimekaa na wasomi, nimekaa na mashekhe na maaskofu, nimekaa na waheshimiwa wanaosemea kwenye vipaza sauti. Sijawahi kuona moyo wa namna ile, haki ya Mungu. Nilimshika mkono, ule ule wa kulia, nikashindwa kuuachia kwa muda.

"Sasa wewe usiubane," aliniambia akitabasamu. "Uende kama ulivyokwenda."

"Hautabanwa."

"Na ombi moja. Jumapili uje nyumbani. Sitaki kuwa peke yangu jikoni."

*

Alhamisi nilibandika utando, nikafumba macho kidogo, nikamwambia Rwechungura aanze.

Mzee akaja. Uso wangu ukaenda pembeni, wote, bila kumwibia hata jicho la pembeni, kwa heshima yote aliyostahili. Nikaona katambuga, nikaona nta. Na hapo ndipo nilipoelewa kwamba ile siku mkono haukwenda kwa wepesi. Ulikuwa mzito. Kuufumba na kuufumbua mara mbili kulimchukua Tusekile nguvu kuliko kubeba gunia. Nilifumba, nikafumbua. Nikafumba, nikafumbua. Koplo akapita mbele yangu akasema, "Mzee wangu, samahani, tufungue koti." Uso wangu mimi haukugeuka mpaka walipomwingiza ndani.

Mzani ulitoa tisini na nane. Hakuna aliyeshangilia. Rwechungura, mtu wa majigambo yule, alivua miwani akaifuta na shati lake, akafuta tena. Tumpe alikuwa amesimama kando ya taa, nyuzi mkononi.

"Kumbe," alisema taratibu. "Kumbe ni yeye. Na mimi nimemsema Lwitiko sokoni miaka miwili."

*

Jumapili saa tisa na nusu nilikuwa nimeketi jikoni kwa Tusekile. Jiko lao limeshikana na sebule, katikati kuna pazia la kitenge. Upande ule walikuwa Mzee Andembwisye kwenye kiti chake, mkewe Bi Bupe, na majirani kama kumi na wawili, maana kisa ni cha kwao na kila mtu anataka kuona Kyela kwenye televisheni. Ipyana, mume wa Tusekile, alikuwa amekaa karibu na mlango, hana raha, kidevu kifuani. Upande huu tulikuwa sisi wawili. Tusekile alikuwa amejifunika khanga kichwani. Hatukuiona skrini, tuliisikia tu.

Wakaanza kwa vigelegele lilipotokea daraja la Songwe. Wakatania vazi la Koplo. Jirani mmoja akasema, "Mzee, mbona wamekupa mtu mfupi!" wakacheka, hata mzee mwenyewe akacheka. Kisha nikasikia sauti ya lango, na nyayo. Tusekile alinishika goti.

Kicheko kikakatika kule sebuleni. Nilijua ni wapi walipofika. Uso umegeuka, nta imeonekana. Mkono.

Mtu mmoja, sijui nani, akasema, "Yesu wangu." Mwanamke mwingine akaanza, "Mkamwana! Mkamwana ndiye aliye..." akanyamazishwa. Kiti kikalia. Mtu alikuwa amesimama. Kucha za Tusekile zilikuwa zimeingia kwenye goti langu, sikuthubutu kumwambia.

"Zimeni hicho kitu," ilisema sauti ya kizee.

Wakazima.

"Namba ilikuwa ngapi?"

"Tisini na nane, mzee," alijibu mtu.

"Tisini na nane." Akavuta pumzi. Tulisikia fimbo ikigonga sakafu mara moja, mbili, ikisogea kuelekea kwenye pazia, ikasimama. Aliposema tena alimwelekea mkewe, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kama wazee wa kule wanavyofanya wanapotaka maneno yapite ukutani.

"Mama Ipyana."

"Abee, baba."

"Siku ile nilimwona yule mtoto ananigeuzia uso mbele ya askari wenzake wote, na kofia ya serikali kichwani. Nilikwenda gerezani na jambo hilo moja la kunifariji, kwamba nina mkamwana anayeniheshimu. Mkono sikuuona."

"Ndiyo, baba."

"Leo nimeuona."

Nilimsikia Bi Bupe analia.

"Shamba langu lilikufa lote," mzee aliendelea. "La Lwitiko likapona. Mimi nilikuwa naliletea kifo ndani ya koti, na yule mtoto akakizuia. Halafu nikamwacha ndugu yangu azike peke yake." Tulimsikia akipenga kamasi. "Nipe kofia yangu. Naenda kwa Lwitiko."

Mume wa Tusekile akasema, "Baba, twende wote. Na Tusekile aje, aombe..."

"Aombe nini?" Fimbo ilipiga sakafu kwa nguvu. "Aliyekosa ni mimi, nakwenda peke yangu." Hatua zikaanza kuelekea mlangoni, zikasimama kizingitini. "Mama Ipyana, mwambie huyo mtoto asifungashe kitu. Abaki hapa, nyumbani kwake."